Mazoezi Kabla ya Cheti: Mwongozo wa Kutafuta Kozi za Sayansi na Uhandisi Mtandaoni

Neno «kozi» linapotumika mtandaoni hubeba maana tatu, na mtafutaji asiyezitenganisha mapema hupoteza muda, fedha au vyote viwili. Maana ya kwanza ni mkusanyo wa vifaa vya kufundishia ambavyo chuo kikuu kimeviweka wazi kwa kila mtu, yaani muhtasari wa somo, mihadhara iliyorekodiwa, mazoezi na mitihani ya miaka iliyopita, bila kumsajili anayevitumia na bila kumpa cheti. Maana ya pili ni kozi fupi inayokwenda kwa ratiba, yenye majaribio ya kila wiki na cheti cha kumaliza, ambacho huthibitisha kwamba mtu ameimaliza kozi hiyo moja, lakini hakihesabiwi kuwa sehemu ya shahada isipokuwa pale chuo kinapotamka hivyo kwa maandishi. Maana ya tatu ni programu kamili ya shahada au stashahada inayosomwa kwa masafa, ambamo mwanafunzi hudahiliwa, hulipa ada, hufanya mitihani inayosimamiwa na hatimaye hutunukiwa shahada ileile anayopewa aliyesomea chuoni.

Kabla ya kufungua ukurasa wowote, kwa hiyo, mtafutaji anapaswa kujiuliza anataka kipi kati ya vitatu hivyo. Fundi sanifu aliye kazini, ambaye anajua kufunga injini ya umeme lakini anataka kuelewa hesabu zilizo nyuma yake, anahitaji maarifa na wala hahitaji kulipa hata shilingi moja. Mhitimu wa Kidato cha Sita anayetaka siku moja kusajiliwa kuwa mhandisi anahitaji shahada inayotambuliwa, na mlundo wa vyeti vya kozi fupi, hata viwe thelathini, hautamfikisha huko. Watu wengi wenye juhudi ya kweli huumia hapa, kwa sababu matangazo ya kozi hizi huchanganya maneno «cheti», «stashahada» na «shahada» kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwa anayetafuta maarifa, mahali pazuri zaidi pa kuanzia ni hazina ya MIT OpenCourseWare, ambayo Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ya Marekani iliitangaza Aprili 2001 na kuifungua kwa majaribio mwaka uliofuata. Leo kozi zake zimezidi 2,500, zote bila malipo na bila usajili, chini ya leseni inayomruhusu mtu kuzinakili, kuzigawa na kuzitafsiri mradi asifanyie biashara na amtaje mwenye kazi. Kozi za hazina hii hujulikana kwa namba, na sehemu iliyo kabla ya nukta ndiyo inayotaja idara: 1 ni uhandisi wa ujenzi na mazingira, 2 ni uhandisi wa mitambo, 5 ni kemia, 6 ni uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta, 8 ni fizikia, 10 ni uhandisi kemikali na 18 ni hisabati. Mtu akishauzoea mpangilio huu hutafuta kwa haraka kuliko kwa kubahatisha maneno, kwa kuwa 8.01 humpeleka moja kwa moja kwenye mekanika ya mwaka wa kwanza na 8.02 kwenye umeme na sumaku.

Hata hivyo kozi za hazina hiyo hazilingani kwa ukamilifu. Baadhi zina orodha ya vitabu na maelezo machache tu, na nyingine zina kila kitu, kuanzia mhadhara wa kwanza hadi mtihani wa mwisho pamoja na majibu yake. Anayejisomea peke yake achague zile zenye mambo matatu kwa pamoja, nayo ni mihadhara ya video au maandishi yaliyokamilika, mazoezi yenye majibu, na mitihani yenye majibu. Ukurasa wa kutafutia una chujio la kuonyesha kozi zenye vitu hivyo pekee. Kati ya vitatu hivyo, mazoezi ndiyo yasiyoweza kukosekana. Video nzuri humfanya mtazamaji ajihisi ameelewa, ilhali katika sayansi na uhandisi kuelewa hupimwa kwa kalamu, pale mtu anapofunga video na kujaribu kukokotoa mwenyewe.

Mfano mmoja wa karibu unaweza kulifafanua jambo hili. Kozi namba 18.06, aljebra ya mstari, iliyofundishwa kwa miaka mingi na Profesa Gilbert Strang hadi alipostaafu mwaka 2023, inaanza na milinganyo miwili ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari ameshakutana na inayofanana nayo: 2x − y = 0, na −x + 2y = 3. Mwanafunzi wa sekondari huitatua kwa kuondoa herufi moja, akapata x = 1 na y = 2, kisha akafunga daftari. Mhadhara ule haumwachi hapo. Unamtaka kwanza aitazame kama mistari miwili inayokatana kwenye nukta moja, halafu aigeuze na kuisoma kwa safu wima, yaani achukue vekta (2, −1) mara moja, aiongezee vekta (−1, 2) mara mbili, aone kwamba zinazaa vekta (0, 3) iliyo upande wa kulia wa milinganyo. Swali sasa si tena «x ni ngapi», bali ni «vekta hizi mbili zikichanganywa kwa kila namna zinaweza kufika wapi», na swali hilohilo, likikuzwa hadi vigezo elfu moja, ndilo linalotumika kukokotoa nguvu katika vyuma vya daraja au mkondo katika gridi ya umeme. Mtafutaji anayefika dakika ya ishirini ya mhadhara huo, akasimamisha video, akachora vekta hizo kwenye karatasi ya grafu na kupata jibu lilelile, ameshajua kwamba kozi hiyo inamfaa. Anayeona haelewi vekta ni nini amejua jambo la thamani vilevile, kwamba aanzie nyuma kidogo.

Kuanzia nyuma kidogo ndiko kunakoelekezwa na kipengele kinachoitwa masharti tangulizi, yaani orodha ya masomo ambayo chuo kinamtaka mwanafunzi awe ameyamaliza kabla ya kuingia kwenye kozi. Kipengele hiki hupuuzwa kuliko kingine chochote, nacho ndicho kinachoeleza kwa nini watu huacha kozi katika wiki ya tatu. Kozi ya saketi na elektroniki, 6.002, inadai fizikia ya umeme na sumaku na inamtaka mwanafunzi aijue milinganyo tofautishi, yaani milinganyo inayohusisha kitu pamoja na kasi ya kubadilika kwake, kwa sababu chaji katika kapasita na mkondo katika koili haviwezi kuelezwa bila hiyo. Masharti haya lakini husomwa kwa akili. Kozi ya 18.06 kwa mwanafunzi wa MIT inadai kalkulasi ya vigezo vingi, ilhali maelezo ya toleo lake la kujisomea yanasema wazi kwamba kalkulasi haihitajiki ili kulielewa somo lenyewe. Njia salama ni kufungua zoezi la kwanza la kozi, kulifanya jioni moja bila kutazama majibu, na kuhesabu ni maswali mangapi yameshindikana kwa sababu ya ugeni wa somo na mangapi kwa sababu ya upungufu wa msingi. Haya ya pili yakizidi nusu, kozi inayotakiwa ni ile iliyotajwa kwenye masharti.

Kwa aliyesoma Tanzania mchepuo wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, sehemu kubwa ya kalkulasi ya muhula wa kwanza wa chuo haitakuwa ngeni. Aliyemaliza kidato cha nne nchini Kenya ameonja kutafuta kinyambuo na intego kwa kiasi kidogo, na atafanya vyema kuanza na 18.01 pamoja na kitabu cha kiada cha bure kutoka OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice huko Texas ulioanza kutoa vitabu vya vyuo mwaka 2012, ambavyo hupakuliwa vikiwa vizima na kusomwa bila intaneti.

Upande wa uhandisi hasa, hazina ambayo haijajulikana vya kutosha Afrika Mashariki ni NPTEL ya India. Huu ni mpango wa pamoja wa taasisi saba za teknolojia, za Bombay, Delhi, Guwahati, Kanpur, Kharagpur, Madras na Roorkee, pamoja na Taasisi ya Sayansi ya Bangalore, ulioanza kazi mwaka 2003 ukiwa na lengo la kuwafikia wanafunzi wa vyuo vya uhandisi visivyo na walimu wa kutosha. Lengo hilo linaonekana katika kozi zenyewe. Pale ambapo majukwaa mengine hujaza orodha kwa akili mnemba na uchambuzi wa data, NPTEL ina mekanika ya udongo, haidrolojia, usanifu wa zege lenye nondo, mashine za umeme, uhamishaji joto, ulinzi wa mifumo ya umeme na teknolojia ya uchomeleaji, na mhadhiri huandika kila hatua ya hesabu ubaoni kama afanyavyo darasani. Mihadhara ni ya bure na hupatikana pia YouTube. Cheti chake hutolewa baada ya mtihani wa ana kwa ana unaolipiwa, ambao hufanyiwa kwenye vituo vya miji ya India, na kwa sababu hiyo msomaji wa Dodoma au Eldoret aichukulie NPTEL kuwa darasa, si njia ya kupata karatasi.

Mmoja wa wanachama wa mpango huo, taasisi ya Madras, ilifungua kampasi Zanzibar mwaka 2023, na iliwahi kuanzisha mwaka 2020 shahada ya sayansi ya data inayosomwa mtandaoni, ambamo mwombaji haingii kwa mtihani mkuu wa ushindani wa India bali kwa kusoma wiki chache za majaribio na kufaulu. Programu hizi mbili zisichanganywe: ya Zanzibar ni ya kuhudhuria, ile nyingine ni ya masafa, na hata hii ya masafa ina mitihani ya kukaa kituoni. Swali «mtihani unafanyiwa wapi?» linastahili kuulizwa kwa kila programu kabla ya swali la ada.

Majukwaa ya kozi zenye ratiba, ambayo makubwa ni Coursera na edX, yote mawili yalianzishwa mwaka 2012, la kwanza na Andrew Ng na Daphne Koller wa Chuo Kikuu cha Stanford, la pili na MIT pamoja na Harvard. Faida yao ni nidhamu ya tarehe na wanafunzi wenza. Tofauti yao na hazina huria ni kwamba hufanya biashara, na sehemu ambayo hufungwa kwa asiyelipa mara nyingi ni mazoezi yenye kusahihishwa, ambayo kama ilivyoelezwa ndiyo moyo wa kozi. Coursera hupokea maombi ya msaada wa ada kwa baadhi ya kozi, na mwombaji huandika maelezo mafupi ya hali yake na sababu za kutaka kusoma. Maombi hayo yaandikwe kwa ukweli na mapema, kwani majibu huchukua siku kadhaa.

Ipo takwimu moja inayopaswa kukaa kichwani mwa kila anayejisajili. Kozi ya saketi ya MIT ilipotolewa mtandaoni kwa mara ya kwanza mwaka 2012, waliojisajili walikaribia 155,000, na waliopata cheti walikuwa 7,157, yaani chini ya watu watano katika kila mia. Wengine wengi walikuwa wakichungulia tu, jambo lisilo na ubaya, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwamba kujisajili si kazi na kumaliza ndiko kazi. Kozi moja ya kiwango hicho hudai saa nane hadi kumi na mbili kwa wiki. Mtu mwenye ajira na familia achukue moja kwa wakati mmoja, aiandikie saa zake kwenye ratiba ya nyumba, na awaombe wenzake wawili au watatu wasome pamoja, kwa sababu swali linalomkwamisha mtu mmoja siku nzima mara nyingi hufunguka kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Gharama inayosahaulika ni bando. Mhadhara wa dakika 50, ukipakuliwa kwa ubora wa wastani wa mistari 360, huchukua kwa kawaida megabaiti 100 hadi 200, hivyo kozi yenye mihadhara 35 hudai gigabaiti kati ya tatu na nusu na saba, na ukiitazama kwa ubora wa juu hesabu hiyo hupanda mara kadhaa. Kutazama moja kwa moja kwa data ya simu ndiyo njia ghali kuliko zote, kwa kuwa kila unaporudia kipande unakilipia tena. Busara ni kupakua kozi nzima mara moja mahali penye mtandao wa bure au wa bei nafuu, iwe maktaba, chuo cha jirani au ofisini kwa ruhusa, na kuihifadhi kwenye flashi ambayo wenzako nao wanaweza kuinakili, jambo ambalo leseni ya OpenCourseWare inaliruhusu. Manukuu ya mhadhara, yaani maneno yote ya mwalimu yaliyoandikwa, ni faili dogo sana, na kwa mtu ambaye Kiingereza cha kusikiliza kinamchosha, kuyasoma kabla ya video hupunguza ugumu kwa nusu. Pembeni pawe na daftari la istilahi, kila neno la Kiingereza likiwa na Kiswahili chake na mfano mmoja; istilahi nyingi za msingi zimo katika kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990.

Linabaki suala la maabara, ambalo huzitenganisha sayansi na uhandisi na masomo mengine yote ya mtandaoni. Hesabu, nadharia na uandishi wa programu za kompyuta hujifunzwa vizuri mbele ya skrini, na zana zake za bure zipo: GNU Octave hufanya sehemu kubwa ya kazi za MATLAB ambayo leseni yake ni ghali, KiCad huchora saketi, FreeCAD huchora vipuri vya mitambo. Kwa fizikia na kemia ya awali yapo maigizo ya majaribio ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001, ambamo mwanafunzi huunganisha betri, nyaya na balbu kwenye skrini na kuona mkondo ukipungua anapoongeza ukinzani. Lakini igizo halitoi moshi. Mtu hajajua rezista mpaka ameishika ikiwa imepata moto, na kwa gharama ndogo anaweza kununua mita ya kupimia, betri, rezista na kapasita chache kwa mafundi wa redio na simu, akafanya kwa mikono yake majaribio ya wiki sita za kwanza za kozi ya saketi.

Kwa shahada kamili, namna ambavyo vyuo vyenyewe vimelitatua suala hili la maabara ndiyo kipimo bora cha uzito wao. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoasisiwa mwaka 1969, kilikuwa kikiwatumia wanafunzi wa sayansi masanduku ya vifaa vya majaribio nyumbani, na siku hizi kinawawezesha kuendesha kwa mbali vifaa halisi, zikiwemo darubini za anga zilizoko kisiwani Tenerife. Chuo Kikuu cha North Dakota cha Marekani hufundisha uhandisi kwa masafa lakini huwaita wanafunzi kampasini wakati wa kiangazi kwa ajili ya maabara, na taasisi ya Madras hufanya vivyo hivyo katika shahada yake ya mifumo ya elektroniki. Programu inayodai kumfanya mtu mhandisi wa mitambo au kemikali bila kumtaka aguse mashine mahali popote iogopwe.

Afrika Mashariki yenyewe ina vyuo vya masafa vilivyoundwa kisheria, ambavyo ndivyo vya kutazamwa kwanza: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye programu za sayansi na za teknolojia ya habari na vituo mikoani, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, ambacho miongoni mwa programu zake za mwanzo ni sayansi ya data na usalama wa mtandao. Ada yake hulipwa kwa fedha ya nyumbani, mitihani haidai viza, na utambuzi wake hauna mjadala.

Kwa chuo cha nje, utambuzi huo hutafutwa kabla ya malipo ya kwanza. Nchini Tanzania anayehusika ni Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo hutathmini tuzo za nje, na kwa mhandisi huongezeka Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo humsajili mhitimu wa shahada inayoitambua, kisha humpitisha katika mafunzo ya kazini ya miaka mitatu kabla ya kumpa hadhi ya mhandisi mtaalamu. Nchini Kenya maswali hayo hupelekwa kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na kwa Bodi ya Wahandisi. Barua au baruapepe ya mwombaji itaje jina kamili la chuo na nchi yake, jina la programu kama litakavyoandikwa kwenye shahada, chombo kilichoipa ithibati huko kwao, muda wa masomo, na kwa maneno yasiyo na utata kwamba programu inasomwa kwa masafa, kwa kuwa chuo kinachotambuliwa kwa kuhudhuria si lazima kitambuliwe kwa njia hiyo nyingine. Aulize pia kama maabara za programu hiyo zinatosheleza masharti ya usajili. Jibu lidaiwe kwa maandishi, na likifika lichapishwe na kuwekwa pamoja na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya sekondari, kwa sababu litaulizwa tena miaka minne baadaye, siku ambayo mhitimu atapeleka shahada yake kuhakikiwa.